Kufuli la Kambi ya Darasa la Saba

Regent Park,
Toronto, Kanada.
16 Agosti, 2025

Mpendwa Baba Mdogo Odilo,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua hapo umeitikia kwa sauti, hata kama uko peke yako sebuleni. Shikamoo baba. Na shikamoo nyingine mpelekee Mama Mdogo Eusebia huko jikoni, umwambie nimemkumbuka yeye na mboga zake za maboga.

Vipi hali yako? Mgongo umepoa, au bado unainuka kitini kwa kushika ukuta? Kahawa mmemaliza kuchuma? Baridi ya huko mwezi huu naijua, ile ya kukaa umejifunga shuka mpaka jua lipande. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Joto la Toronto mwaka huu limekuja kwa hasira, na mimi ninayeshinda mbele ya matanuri ya mikate kule Downsview nimeiva kabla ya mikate yenyewe.

Karatasi za mwanangu Solana za kuja huku bado. Nikiuliza naambiwa nisubiri, nami nasubiri. Baba, ulinilea mimi baba yangu alipofariki, na sasa unanilelea binti yangu. Hilo sitalisahau, na nakuomba ulikumbuke kwenye kila mstari utakaokukera hapa chini.

Maana nina jambo. Nilikupigia simu kulisema, ukanijibu, "Teofrida, mzazi mwenye hoja kuhusu shule anaandika barua, kamati inaisoma." Haya, nimeandika. Ila sikuweka neno Yahusu na kulipigia mstari, kwa sababu barua ya namna hiyo mwisho wake ninaujua. Ingepigwa muhuri, ikaingia kwenye faili, ikalala. Hii ni ya mtoto kwa baba yake. Nitaipiga picha leo hii niitume kwenye simu yako, na yenyewe ataibeba Sakeena, jirani yangu hapa anayekwenda Dar es Salaam keshokutwa, aikabidhi kwenye basi la huko. Wewe kitu kisicho na karatasi huwa hukiamini.

Baba, naogopa. Naogopa ule mlango wa kambini.

Siku ile ulipowasha video kwenye kundi la ukoo ukatutembeza humo, mwanzoni nilifurahi jamani. Niliona darasa letu la zamani, lile ambalo mvua ilikuwa inatunyeshea tukiwa ndani, limepigwa chokaa na kugeuzwa bweni la wasichana wa darasa la saba. Nikaona magodoro yamebanana kutoka ukuta huu hadi ule. Nikaona vyandarua vimening'inia, na chini yake mishumaa kwenye makopo, kwa sababu betri ya sola ilikufa na fedha ya nyingine haijapatikana. Ukazigonga nondo za dirisha kwa fimbo ili nisikie zilivyo imara. Kisha ukatoka, ukavuta mlango, ukapiga kufuli kwa nje, ukasema, "Hapa hata panya haingii!" Kundi zima likaandika hongera mwenyekiti wa kamati. Na mimi niliandika.

Wiki iliyofuata kazini, msimamizi wetu Shaun alikuta makasha yamepangwa mbele ya mlango wa dharura. Lo! Alisimamisha mashine zote. Watu wazima na viatu vyetu vya chuma tukatolewa nje juani, tukahesabiwa kama watoto wa chekechea, tukahubiriwa habari za moto mpaka miguu ikauma. Nikamcheka yule bwana. Nikamwambia Jolie, mama wa Kikongo ninayefanya naye kazi meza moja, kwamba hawa watu kwa uoga hawajambo.

Jolie hakucheka. Akaniambia kwa Kiswahili chao, "Mdogo yangu alikufaka mu internat. Moto. Mulango balikuwa balifunga." Internat ndiyo bweni kwa lugha yao. Akarudi kwenye unga wake. Mimi nilibaki nimesimama na glavu mkononi, naona nondo zako na fimbo yako.

Tangu siku hiyo sina raha. Huku inapofika saa tisa mchana, huko ni saa nne usiku, nami najua Mwalimu Hyera ameshalifunga bweni, ametia ufunguo mfukoni na kuvuka kijito kwenda kwake. Basi hapo hapo naanza kuitazama saa ya ukutani. Mikate inanipita. Simu ikitetemeka mfukoni naichomoa na glavu zenye unga, na kumbe ni tangazo tu la duka. Jana Shaun aliniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia ni joto.

Usidhani nimesahau kwa nini mlifunga. Sijawa Mzungu kiasi hicho. Mwaka jana watoto walikuwa wanatoka masomo ya jioni gizani, wanapita msituni, na yule binti wa kwa akina Mapunda akaacha shule na mimba ambayo mpaka leo mwenyewe hajapatikana. Ulilia baba, Mama Mdogo aliniambia. Kufuli lile mliliweka kwa kuwapenda, hilo nalijua na nitawatetea nalo kwa yeyote atakayewasema.

Na najua mlivyobanwa. Shule ilishika mkia katika kata nzima, Mwalimu Mkuu akasimamishwa kikaoni mbele ya wenzake kama mwanafunzi mtoro. Walimu hawatoshi. Ruzuku inakuja ikijisikia, na ikija ni ya chaki na kukarabati madawati, hakuna senti ya mlinzi ndani yake. Wazazi ukiwaomba mchango wanakwambia serikali ilisema elimu bure, kwa heri. Wewe ndiye uliyekwenda nyumba kwa nyumba na mgongo wako huo mbovu, ukawasihi watoe mahindi na maharage mpaka kambi ikasimama. Sasa watoto wanasoma. Solana mwenyewe amenitajia hesabu ambazo mimi sikuzijua mpaka nazeeka.

Niliposema mlinzi nitamlipa mimi, ukanikatalia. Ukasema shule ya umma haiendeshwi na mtu mmoja aliyeko Ulaya, kwamba msaada lazima upite kwenye kikao cha kamati, uende kwa afisa elimu kata, halmashauri wauridhie, ndipo mlinzi atafutwe. Sawa. Ni utaratibu, na wewe ni mtu wa utaratibu, ndiyo maana wanakuchagua kila mara. Lakini kikao kijacho ni Oktoba, baba. Mtihani ni Septemba. Mlinzi wenu atakuja kulinda magodoro matupu.

Sikuombi umtoe Solana. Nililiwaza hilo, nisikufiche, nililiwaza sana. Lakini mtoto wa nyumba ya mwenyekiti akionekana anarudi na begi lake, jioni hiyo hiyo wazazi watajaa pale kuchukua wa kwao, na kambi imekufa, na wewe utaaibika mbele ya kijiji. Mimi siwezi kuwa mtu wa kukuletea aibu. Na wakibaki wengine, je, wao hawana mama?

Ninachoomba hakihitaji kikao. Kufuli litoke. Fundi aweke komeo kwa ndani, wafunge wenyewe na wafungue wenyewe. Mishumaa izimwe mtu mzima akiwa anaona. Na mama mmoja wa heshima alale nao kila siku, wapeane zamu. Mama Mdogo nimeshamuuliza, amesema yuko tayari hata leo, alikuwa anasubiri wewe useme. Usimgombeze, mimi ndiye niliyemchokonoa.

Na kama unaona ninakuza mambo, nakupigia magoti, fanya hivi. Siku moja mchana, watoto wakiwa darasani, ingia humo peke yako. Mwalimu Hyera afunge, avuke kijito na ufunguo wake kama kawaida. Halafu umwite. Piga kelele kadiri ya pumzi yako, usikilize ni nani atakayekuja.

La mwisho nimelichelewesha, maana kila nikilianza nalifuta na kuanza upya, kama unavyoona. Jumapili iliyopita baada ya misa niliongea na Solana kwa simu ya Mama Mdogo. Nikamuuliza kama utani, "Hivi nyie mkifungiwa humo, likitokea jambo mnafanyaje?" Nilitaka aniambie kuna mtu wanampigia, kuna kengele, chochote.

Akacheka. "Tulishapanga mama. Jenita ndiye atapita dirishani. Wote tulijaribu, kichwa kinapita ila mabega yanagoma. Jenita peke yake ndiye anapita. Kwa hiyo yeye ataenda kumwita mwalimu, sisi tutasubiri."

Alilisema hivyo hivyo, kama mtoto anayekueleza zamu ya kufagia uwanja. Nikasingizia mtandao, nikakata simu.

Baba, wale watoto walipanga foleni kwenye dirisha lako, wakajipima kwenye nondo mmoja mmoja. Hakuna mtu mzima aliyewatuma. Mimi nilihitaji Shaun na Jolie ndipo nikaliona, na wewe mpaka leo hujaliona, lakini wao walishaliona zamani na hawakumwambia mtu, kwa sababu walijua mmejitolea sana na hawakutaka waonekane hawana shukrani. Mwanangu anajua kwamba yeye hapiti. Analijua hilo kila anapolala.

Nisamehe kama nimevuka mpaka. Nimeandika kama ulivyotaka, nawe usome kama nilivyokuomba, ukiwa baba, kabla hujavaa uenyekiti.

Nisalimie Shangazi Kandida, mwambie vitenge vyake nimevipata na kimoja nimekivaa kanisani watu wakaniuliza. Msalimie Mwalimu Hyera, sina ugomvi naye, na yeye amechoka kama wengine wote. Solana mbusu kwa niaba yangu, ila usimweleze kwamba nimekuandikia haya, atadhani amewachongea kwangu.

Na huyo Jenita, sijamwona hata kwa picha, mpe salamu zangu za pekee. Solana anasema wenzake humtania wakati wa chakula asiongeze ugali, asije akanenepa. Sijui kama kweli ni utani. Mwite, mkalishe karibu yako, umwambie ale mpaka ashibe.

Mungu akutunze, baba, pamoja na wote wanaolala chini ya ulinzi wako.

Ni mimi mwanao akupendaye na anayekungoja kwenye simu,
Teofrida