Deki ya Mzee Kamau na Kigoda cha Muhugu

Kayole, Nairobi
Jumapili, tarehe 9 Novemba
Miaka miwili na miezi minne tangu nitoke nyumbani

Kwako Baba,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi mlangoni kwako penye mwanga, na miwani iko puani, si mfukoni. Magoti yanaendeleaje? Na masikio? Dada Mwende aliniambia kwamba hata lile la kushoto sasa limeanza kuziba. Ndiyo sababu nimenunua karatasi. Tukipigiana simu wewe unasema "Eh? Eh?" nami napiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta, kisha tunaagana na hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Soma polepole. Mahali mwandiko umenishinda, kumbuka ni wewe uliyenitoa darasa la saba nikashike tezo ya kuchongea miti.

Mimi ni mzima, ila mgongo unauma. Nimebeba mawe ya mjengo, nimebeba saruji, nimebeba friji za watu hadi ghorofa ya tano hapa Kayole, kwenye ngazi nyembamba ambazo hata paka akikutana na mwenzake mmoja lazima arudi nyuma. Nimechoka Baba, sitakuficha. Lakini leo siandiki kwa ajili ya uchovu. Leo naandika kwa sababu nimeshinda, na wewe umeshinda, na nimetaka uzipate habari hizi kwa mkono wangu mwenyewe.

Unaikumbuka siku niliyoondoka. Nilikuambia mbele ya Mama kwamba miti haina kazi tena, watu wa siku hizi wanataka vitu vya umeme. Ukanijibu, "Basi nenda ukautafute huo umeme." Hukuniaga. Lakini nilipofungua begi huku nilikuta tezo yako ndogo imeviringishwa ndani ya shati langu. Sikuwahi kukuuliza kama ni wewe uliyeiweka. Imelala chini ya kitanda muda huu wote. Krismasi mbili sikuja nyumbani kwa sababu sikuwa na la kukuambia kuihusu. Huo ndio ukweli, mambo ya nauli nilikuwa nawadanganya.

Sasa habari yenyewe. Karibu na hapa kuna mtaa unaitwa Komarock. Asubuhi sisi vibarua husimama kwenye kona ya barabara ya Kangundo, na wenye nyumba wa Komarock huja kutuchagua. Jina lako likiwa safi, unaitwa. Likichafuka, utasimama hapo mpaka jua lizame na watu watakupita kama nguzo ya stima. Mmoja wa wanaoniita ni Mwalimu Wairimu, mama mstaafu anayefundisha kwaya. Jumamosi moja alinipigia simu: "Kyalo, kesho saa nane kuna kazi ya deki kwa Mzee Kamau. Uje na nguvu zako."

Baba, hapa ukimwambia kibarua deki, anafikiria ndoo. Kupiga deki ni kupangusa sakafu kwa maji. Nikajua Mzee Kamau ana wageni na nyumba ni kubwa. Nikaazima ndoo na tambara kwa mama mwenye nyumba wangu, nikajaza maji kwenye bomba la langoni kwa Mzee Kamau, nikaingia nayo.

Sebuleni nilikuta watu watatu wamekaa kimya wakitazama kitu juu ya kabati, kama watu wanaomtazama mgonjwa. Nikaweka ndoo chini, nikakunja suruali.

"Nianzie wapi?"

Mzee Kamau, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa Umoja, aliitazama ile ndoo. "Kijana, hayo maji ni ya nini?"

"Ya deki, mzee."

Aliruka akasimama mbele ya kabati, mikono ameitandaza. "Maji? Kwa deki yangu? Wairimu, huyu mtu umemtoa wapi?"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Kyalo! Si deki ya sakafu, ni deki ya muziki! Toa hiyo ndoo nje kabla Kamau hajapandwa na presha."

Wa tatu alikuwa Bwana Musembi, dereva mstaafu, Mkamba mwenzetu. Yeye aliniambia kwa Kikamba nifunge mdomo nisizidi kutuaibisha. Tangu siku hiyo wananiita Bwana Ndoo.

Hiyo deki, Baba, usiifananishe na zile za sokoni. Haina picha, haina filamu, kazi yake ni kucheza diski za muziki tu. Mwili wake ni chuma kitupu, uzito wake kama debe la mahindi, na ukibonyeza, sinia yake hutoka taratibu kama ulimi wa ng'ombe. Bei sitaandika, utaniita mwongo. Wazee hawa watatu walinunua tatu za aina moja, duka moja. Na watu wanaomiliki mashine za namna hiyo, dunia nzima, huandika maoni yao kwenye mtandao na kuzipa nyota, nyingi kabisa zikiwa tano.

Mzee Kamau aliipa mbili. Aliandika kwamba inanguruma kama mtu mwenye mafua na mwenye akili asiinunue. Mwalimu aliipa tatu: sauti za juu alizisifu, lakini besi alisema zimefunikwa blanketi. Bwana Musembi akaipa tano, eti anasikia hata mwimbaji akimeza mate. Kila Jumapili baada ya kanisa walikutana kubishana. Diski ni ileile moja, ya kwaya ya kanisa lao ambayo Mwalimu mwenyewe aliifundisha. Mzee Kamau aliamini kwamba Musembi alipewa nzima na yeye akauziwa mbovu. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kubeba deki ya Musembi kutoka kwake, nyumba ya tisa kutoka pale, niilete kwa Kamau zishindanishwe.

Nikaenda. Kwa Musembi niliikuta juu ya kitu kifupi kilichofunikwa kitambaa cha kufuma. Niliikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Bwana Musembi alitembea kando yangu njia nzima akinisumbua: "Jiwe hilo! Shimo hilo! Wee, usipumue kwa nguvu!"

Tukaiweka juu ya kabati la Mzee Kamau, wakaifunga kwenye spika, Mwalimu akabonyeza. Ikanguruma. Mafua yaleyale.

"Mnaona?" akasema Mzee Kamau. "Zote mbovu. Tumeibiwa sote."

Lakini Bwana Musembi alikuwa ananitazama mimi. "Asubuhi deki yangu ilikuwa inaimba. Kyalo, umeigonga wapi?"

"Sijaigonga popote, mzee."

"Langoni. Uligeuka vibaya pale langoni."

"Mzee, ulikuwa kando yangu."

"Mtu amekuja na ndoo ya maji," akasema Mzee Kamau, "halafu mnamwachia deki!"

Bwana Musembi akasema kesho asubuhi angeenda kwenye kona awaambie watu wote wajue ni nani anawavunjia vitu. Ile mashine singeweza kuilipa hata nikibeba mawe mpaka nizeeke, lakini kilichonitisha zaidi ni ile kona. Bila ile kona sina kazi, na bila kazi ningerudi kwako jinsi ulivyosema nitarudi.

Nilisogea karibu na deki, nikaweka mkono juu ya kabati. Likawa linatetemeka. Muziki ulikuwa bado unaendelea, na kila besi zikiingia kabati lilitetemeka kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Ndipo nikafanya unavyofanya wewe ukiletewa gogo. Niliweka kiganja chote, nikafumba macho. Nikagonga kwa kidole. Lilijibu kwa kelele kama pipa tupu, na likaendelea kujibu. Ni kabati la unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, Baba, juu yake kioo.

Nikasema, "Mzee, anayenguruma si deki. Ni kabati."

Mzee Kamau akacheka. "Sasa Bwana Ndoo amekuwa injinia."

"Mimi si injinia. Mimi ni mtoto wa mchongaji."

Nikamgeukia Bwana Musembi nikamuuliza ni nini kile kilicho chini ya kitambaa kwake.

"Kigoda cha marehemu baba yangu."

"Cha mti gani?"

"Nitajuaje? Ni kizito tu. Mke wangu hukilaani kila akifagia."

Nikamwambia aniruhusu nikilete. Deki isipoimba juu yake, kesho twende pamoja kwenye kona na mimi mwenyewe nitangaze kwamba nimeivunja. Wakatazamana. Mwalimu akasema, "Musembi, mwache akilete. Kuna hasara gani?"

Nilipotoa kile kitambaa, Baba, nilikaa chini sakafuni. Muhugu, ule mti mgumu unaouchonga wewe. Kipande kimoja, miguu mitatu, na kwa chini alama za tezo zimeachwa bila kupigwa msasa, kama zako. Nilikigonga. Kikajibu mara moja, *tk*, kikanyamaza. Ulikuwa ukituonyesha hivyo mimi na Mwende tukiwa wadogo, tukidhani unacheza nasi.

Nilikibeba nikakiweka sakafuni mbele ya kabati, deki ya Musembi juu yake. Mwalimu akabonyeza.

Sijui nikueleze vipi. Ilikuwa kama watu wamefungua mlango wakaingia. Waimbaji wote walikuwa mle sebuleni, huyu hapa, yule pale. Besi zilipoingia Mwalimu alisimama ghafla akanyoosha kidole kwenye spika: "Huyo ni Mutiso! Ameingia mapema! Nilimkataza mara mia, akaniapia kwamba hakuingia mapema!"

Mzee Kamau hakucheka. Alisema, "Ondoa hiyo. Weka yangu."

Nikaweka yake, ile ya nyota mbili. Ikaimba vilevile, na Mutiso akaingia mapema vilevile. Mzee Kamau akakaa. "Miezi mitano," akasema, "miezi mitano namtukana mwenye duka."

Bwana Musembi alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwanangu, nimekukosea." Akalisema neno hilo kwa Kiswahili ili wenzake wasikie.

Mzee Kamau hapohapo akataka kununua kile kigoda. "Cha baba yangu?" akasema Musembi. "Wewe endelea kukaa na kabati lako." Ndipo Mwalimu akaniuliza, "Kyalo, si umesema wewe ni mtoto wa mchongaji? Na wewe unachonga?"

Nilifikiria tezo yako chini ya kitanda.

"Nachonga," nikasema. Baba, ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo tangu nifike Nairobi.

Nyuma ya duka la Mzee Kamau kulikuwa na shina la mwarubaini lililokauka miaka mingi, watu wakilikalia wakinywa chai. Akanipa nimchongee kigoda chake. Siku ya kwanza mkono ulikuwa umesahau, nikajikata kidole gumba. Siku ya pili ukaanza kukumbuka. Siku ya tatu wateja wake waliacha kuulizia misumari wakawa wanasimama kunitazama. Nimefanya miguu mitatu, kwa sababu uliniambia miguu mitatu hukaa hata sakafu ikiwa mbaya. Kwa chini sikupiga msasa. Nimeacha alama za tezo yako zionekane.

Leo baada ya kanisa tumekijaribu. Mzee Kamau alifumba macho wimbo mzima. Ulipoisha alitoa simu, akafuta maoni yake ya zamani, akatusomea mapya: "Nilikosea. Mashine hii haina kosa, kosa lilikuwa chini yake. Iwekeni juu ya mti mzima uliochongwa na mtu anayejua miti." Nyota tano. Nilimwomba aisome mara ya pili, akaisoma. Mwalimu naye anataka chake, na wawili wa Umoja wenye deki kama hizo wamekwisha kuulizia. Mzee Kamau amenipa kibanda kilicho nyuma ya duka niwe nachongea. Kesho asubuhi, Baba, mimi sisimami kwenye kona.

Nilikuja huku kuutafuta umeme. Nimekuta umeme wenyewe unatafuta mahali pa kukaa. Ulikuwa na haki, na mimi nilikuwa na mdomo. Nisamehe kwa maneno niliyokurushia mbele ya Mama.

Nina ombi. Lile gogo la muhugu lililo nyuma ya ghala, ulilokataa kumuuzia mtu yeyote, lifunike lisinyeshewe. Nataka tulipasue pamoja. Usiniambie habari ya masikio. Kazi hii nimeifanya kwa kiganja, na kiganja nimekitoa kwako.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri. Nisalimie dada Mwende na umshukuru kwa kunisemea kwako hata nilipokuwa nimenyamaza. Shangazi mwuza maharagwe mwambie bado namkumbuka na kelele zake. Mke wangu Ndinda, niliyemwacha hapo nyumbani, ana karatasi yake ndani ya bahasha hii, imekunjwa mara nne. Hiyo si yako, usiisome.

Mimi nitafika Ijumaa, tarehe 19 Desemba, kabla ya jua kuzama. Tezo nitakuja nayo, imenolewa. Wewe utaweka kiganja kwenye gogo, mimi nitagonga.

Mwanao,
Kyalo