Aliyenikaribisha Kule Mlimani

Mjukuu wangu Mwanasha,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Bongwe tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama. Waniuliza kwa nini mtu akiniitikia "karibu" akiwa ndani siingii mpaka atoke nimwone.

Kabla ya uhuru, mimi na rafiki yangu Juma tuliezeka kwa makuti nyumba ya wageni ya mlimani, ndani ya hifadhi ya wanyama. Vyumba kumi vilikuwa vitupu, lakini msimamizi alituambia tulale katika jiko bovu la nje, kana kwamba mikono iliyoezeka paa haistahili kulala chini yake. Hadi leo naona uchungu.

Magharibi, ukungu umeshuka, nilipiga hodi pale jikoni, maana kwetu hata nyumba tupu hupigiwa hodi. Sauti ya upole ikajibu kutoka ndani, "Karibu, mwanangu." Nikainua mguu niingie.

Juma akanivuta shati. "We bwana, wenda kwa nani? Tuko wawili, na sote tuko nje!"

Tulilala juu ya paa tuliloezeka, kwa kuogopa wanyama chini, baridi ikitutafuna. Asubuhi tuliingia kuchukua mikeka tuliyoiacha humo mchana, imekunjwa. Yote miwili ilikuwa imetandikwa. Niligusa wangu, nikaukuta una joto.

Sijui alikuwa nani, Mwanasha. Ila mlima mzima ule, ni yeye peke yake aliyetuandalia pa kulala.

Mungu akuhifadhi huko uliko.

Babu yako