Skola Hakukosea Hesabu

Jumapili, mwezi wa kumi na moja. Joto la kabla ya mvua. Mawingu yamejazana upande wa milima ya Matogoro tangu asubuhi lakini hayashuki.

Leo nimelala mchana. Naandika hili kwanza kwa sababu sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Tangu Gau azaliwe, mwaka na miezi miwili sasa, usingizi wangu umekuwa wa vipande vipande. Leo nimelala saa nzima, nimeamka nikakuta mtoto yuko mgongoni kwa shangazi yake, na moyoni hakuna kitu kinachonisubiri.

Ni wepesi. Bado sijauzoea.

Shangazi yake ni Skola, mdogo wa mwisho wa mume wangu. Ana miaka kumi na minne, yuko kidato cha kwanza shule ya kata, tunakaa naye hapa Mjimwema, Songea, tangu mama yao afariki. Namwita wifi, naye ananiita wifi, ila kumfokea na kumsuka nywele yote ni kazi yangu.

Siku hizi shuleni kwao somo la biashara ni la lazima. Apende asipende, kila mtoto analisoma. Mwezi uliopita mwalimu akawapa kazi: kila mmoja aandike kwa wiki nne hela yote inayoingia na kutoka nyumbani kwao, mpaka ya kiberiti, halafu mzazi au mlezi aweke sahihi. Mimi nilicheka. Nilisema wamekosa cha kufundisha, mtoto wa watu anafundishwa kununua chumvi. Jirani yangu akasema afadhali ingekuwa chumvi, hawa wanafundishwa kupekua mifuko ya wazazi.

Jirani alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi.

Skola alilishika lile daftari kama mgambo wa soko. Baba Gau ni seremala, ana kibanda chake kule Lizaboni. Akirudi jioni, hata viatu hajavua, anaulizwa leo amekunywa soda ngapi. Akawa analalamika kwamba nyumbani kwake kumeletwa mtu wa kodi, tena mtu mwenyewe analishwa na yeye. Tulikuwa tunacheka.

Nikaacha kucheka wiki ya pili.

Mimi nauza vitumbua asubuhi, siku nne kwa wiki, kimoja shilingi mia. Skola ndiye anayevipanga kwenye ndoo kabla hajaenda shule, kwa hiyo idadi anaijua. Siku hiyo akanifuata jikoni na penseli yake. "Wifi, kila wiki kuna elfu nane inapotea. Sijui nakosea wapi."

Hakuwa anakosea. Elfu nane hiyo ilikuwa inaingia kwenye kibubu changu, kisanduku cha mbao chenye tundu la kutumbukizia tu, ukitaka hela yako sharti ukivunje. Nilikificha ndani ya debe la maharage ya mbegu. Debe hilo hakuna mtu analigusa mpaka siku ya kupanda.

Sikumficha mume wangu kwa sababu ni mlevi, au ana mwanamke nje. Hana hayo. Tatizo lake ni kwamba hajui kusema hapana kwa ndugu. Mwaka jana, mwezi kama huu, alikuwa na hela ya mbolea mkononi kabisa. Simu ikalia. Ilikuwa mchango wa harusi ya mtoto wa rafiki wa marehemu baba yake. Akaituma yote, akaniambia Mungu atajua. Mungu alijua, tukapanda bila mbolea. Mahindi yakatoka ya njano, membamba kama yanaumwa. Kwenye shamba kama letu majirani wanapata magunia kumi na zaidi, sisi tulipata matatu. Tangu mwezi wa tisa tunanunua unga dukani kwa kilo. Watu wa Songea, tunanunua unga! Nikienda dukani nilikuwa nauficha chini ya kanga kama nimeiba.

Wiki ile ya kuvuna magunia matatu ndiyo niliyonunua kibubu.

Sasa turudi jikoni. Nilimjibu Skola kwamba amekosea, arudie. Akarudia. Akaja tena, jibu lile lile. Nikamwambia apunguze vitumbua, aandike themanini kwa siku badala ya mia.

Akaniangalia. "Lakini wifi, mimi ndiye ninayevipanga."

"Andika hivyo hivyo."

Hayo ndiyo maneno yangu. Siyarembi. Ila mkono wake ulikataa kuandika uongo. Akafuta, akaandika mia, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Alipopeleka daftari likaguliwe, mwalimu aliandika kwa kalamu nyekundu: Hesabu hailingani, rudia. Siku hiyo Skola hakula. Alisema yeye na hesabu basi, kichwa chake hakikuumbiwa hesabu.

Mimi niliishia kidato cha pili. Najua kabisa siku mtoto wa kike anapoanza kusema kichwa chake hakikuumbiwa kitu. Niliwahi kuisema sentensi hiyo mwenyewe, na hakukuwa na mtu wa kunikatalia. Halafu huyu kichwa chake ni kizima. Niliyekuwa namharibia ni mimi, kwa ajili ya kisanduku.

Nilikaa nayo siku tatu. Nikisema, mume atajua, na baba yake mdogo wa Namtumbo alikuwa anapiga simu wiki nzima kuhusu mchango wa kipaimara cha mwanawe. Mbolea itaondoka tena. Nisiposema, Skola atabaki anaamini ni mjinga, na mwakani hatakumbuka hata kilichoanzisha.

Jana baada ya chakula cha mchana nikaenda kwenye debe. Nikachimbua kibubu, nikakiweka mezani, punje za maharage bado zimekwama kwenye tundu. Wote wawili walikuwa wamekaa.

Nikasema, "Skola, hukukosea. Elfu nane yako iko humu. Nilikudanganya."

Mtoto aliangalia kisanduku, akaangalia daftari, halafu akatabasamu peke yake, akainamisha kichwa ili tusimwone.

Baba Gau alikichukua, akakigeuza chini juu. Cha kwanza kumuuma si hela. "Hiki sijatengeneza mimi," akasema. "Ndiyo misumari gani hii?"

Nikamwambia nilinunua sokoni. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kama nilikuwa namwona ni mwizi.

"Sikukuona mwizi. Nilikuona mpole."

Nilitaka kuongeza la kulainisha, nikajizuia. Nikamwambia tu kwamba hiyo ni ya mbolea na haitoki kwa kazi nyingine. Na ndipo, kama vile ametumwa, baba mdogo akapiga.

Simu ikalia mezani pembeni ya kibubu. Baba Gau akaichukua, akatoka nje. Dirishani nikamsikia anaamkia, shikamoo baba mdogo, halafu: ndiyo, ndiyo, ndiyo baba mdogo. Hiyo "ndiyo" yake naijua. Ndiyo iliyotulisha unga wa kilo. Nikavuta kiti, nikakaa.

Aliporudi hakutuangalia. Akaenda kwenye mfuko wake wa kazi, akatoa nyundo.

"Nimemwambia ndiyo, nitakuja," akasema. "Nitamtengenezea mabenchi ya kukalia wageni. Hela nimemwambia ina kazi yake."

Skola akauliza kama mabenchi anaandika kwenye mapato au matumizi. Kaka yake akamwambia anyamaze, lakini alikuwa anacheka.

Akavunja kibubu kwa pigo moja, akisema fundi wa maana angekifanya kikatae mara tatu. Tukahesabu. Laki moja na hamsini na saba elfu mia tano. Jioni mfuko wa mbolea ya kupandia ulikuwa umeegemea ukuta wa stoo, mbali na mikono ya Gau. Iliyobaki ni ya mbolea ya kukuzia, anaishika yeye, na Skola ameiandika. Nimemwacha aishike kwa makusudi. Niliogopa kidogo, sitakataa. Lakini siwezi kumfundisha mtoto ukweli halafu nikatafute debe lingine.

Naifikiria ile "lazima" niliyoicheka. Lingekuwa somo la kuchagua, Skola asingelichagua, alitaka kupika na kushona. Mimi katika umri wake nisingelichagua. Na mume wangu, ambaye shuleni alifundishwa kila kitu isipokuwa namna ya kumjibu baba mdogo, asingelichagua kabisa.

Kulikuwa kumebaki sahihi. Nilimpa Baba Gau kalamu kwa sababu ndiye mwenye nyumba. Akanirudishia. Akasema asaini anayejua hela ilipokuwa.

Skola alitaka kuichana ile karatasi yenye tundu, aandike upya kwa usafi. Nimemkatalia. Nimemwomba msamaha, kwa maneno, si kwa nyama tu kwenye sahani. Halafu nimeweka sahihi, na pembeni ya wino mwekundu nimeandika kwa mwandiko wangu wa kidato cha pili: Mwalimu, hapa mtoto alikuwa sahihi. Aliyekosea ni mimi.

Kesho asubuhi daftari linakwenda shule na tundu lake.

Mvua bado. Ikija, mwaka huu itatukuta na mbolea.