Wali wa Mchawi wa Rujewa

Mjukuu wangu Tumaini,

Hatujambo, bibi yako anasema kwenye picha umekonda. Riwaya yako ya mapenzi ya mchawi nimeimaliza, nikiruka kurasa za machozi. Unauliza kama bibi yako aliniroga? Miaka ya sabini Rujewa nzima ilimwita mchawi, maana mpunga wake ulistawi kuliko wa wote. Mama akanikataza kula kwake. Nikaenda.

Kwa desturi ya mwenyeji, akaonja wali kwanza, kuondoa uchawi. Akaonja tena, na tena, hadi sahani ikabaki nusu.

“Dada, uchawi umeshatoka!” nikaivuta sahani.

“Samahani,” akacheka. “Sijala na mtu tangu mavuno.”

Nyumbani mama akaniuliza, “Umekula kwa yule?”

“Nimekula, mama. Tafuta mshenga.”

Babu yako asiyelala njaa.