Shujaa Anayekufa Mara Tatu

Jumanne, 5 Novemba 1974

Saa kumi jioni, na huku ughaibuni ni giza tii! Darasani tumesoma utenzi wa Kifaransa cha kale. Vita, panga, farasi. Shujaa anaanguka, anakufa. Ubeti wa pili anaanguka tena. Wa tatu, tena! Msichana mmoja akasema labda mnakili alisinzia, akarudia. Wakacheka wote. Nilitaka kubisha, nikaishia kufunga daftari. Nikarudi kwangu Rågsved kwa treni, behewa limejaa watu, hakuna anayeongea.

Alhamisi, 7 Novemba

Telegramu kutoka Bukoba, imetumwa na mdogo wangu Deusdedit. Baba amefariki, amezikwa jana.

Baba!

Ijumaa, 8 Novemba

Nimemwambia mama mwenye nyumba. Akanishika mkono, akanipa pole ya kwao, akafunga mlango taratibu. Hakuuliza ilikuwaje. Kwao ndiyo adabu, najua. Mimi nimevaa shati safi, nimepanga viti, nimekaa. Mjinga kweli. Nani aje?

Jumanne, 12 Novemba

Nimesema darasani! Nimewaambia hakusinzia mtu. Kwetu msibani kila anayeingia anauliza ilikuwaje, na mfiwa anaanza upya, toka marehemu alivyoamka. Aliyewahi kufika anasikia yale yale mpaka jioni, na bado anaitikia. Bila hivyo utaaminije kwamba mtu hayupo?

Mwalimu akaandika. "Intressant!" akasema, yaani inavutia. Hakuna aliyeuliza nani kafa. Haki ya Mungu, ningewaambia.

Jumapili, 17 Novemba

Barua ya Deusdedit ilifika jana, kwa hiyo sasa najua ilivyokuwa. Na leo kaja mtu! Opio, Mganda, mkimbizi, anakaa ghorofa ya chini. Kasikia kanisani. Hata koti hajavua: "Pole sana, ndugu yangu. Ilikuwaje?"

Nikalia kwanza. Kisha nikamweleza. Baba aliamka vizuri, akanywa chai, akaenda kukata ndizi, akasema ngoja apumzike kidogo. Opio anaitikia tu, mm, mm.

Mara mkewe Noeline kaingia na sufuria ya maharage. Naye: ilikuwaje? Nikaanza, nikalia tena. Opio akanishika goti, akaanza yeye—aliamka vizuri, akanywa chai. Ila Baba anayemsimulia Opio ni mrefu, na mkungu kaubeba kwa mkono mmoja. Baba alikuwa mfupi! Sikumsahihisha. Nilitaka aendelee.

Naandika huku Noeline anapakua. Kengele—rafiki yao Samwiri, namsikia mlangoni akikung'uta theluji viatuni. Opio kanitazama. Huyu ni wako kumsimulia, anasema.

Haya. Aliamka vizuri, akanywa chai—