Mizizi Kwenye Mita ya Sita

Jinja, Jumanne, Julai 1998. Manyunyu tangu asubuhi, na moyo wangu hauko sawa.

Jana alikuja Wafula, binamu yangu anayefanya kazi kwenye mradi wa maji taka kule Mbale. Alikuja na kamera yao, jicho dogo lenye taa kwenye ncha ya waya mrefu, ili aone kwa nini maji ya bafuni yanarudi juu badala ya kwenda. Tukakaa uani tukitazama picha kwenye televisheni ndogo.

Mita moja, mbili, tatu, utelezi tu. Kwenye mita ya sita nikaona nywele.

Wafula akasema ni mizizi. Lakini ilikuwa myeupe, myembamba, na ingawa maji tulikuwa tumeyafunga, ilikuwa inacheza polepole. 

"Dada, ule mti ndio nakunywa maji yako," akaniambia, akionyesha mti ulio kando ya nyumba. "Bomba imepasuka. Kata mti, chimba hapo chini, weka bomba mpya." Akanichorea mabomba yote ya nyumba kwenye karatasi, akarudi zake Mbale. Maskini, hakujua anachoniambia.

Chini ya mti ule yuko mwanangu.

Sijawahi kuandika haya. Miaka mitatu iliyopita nilijifungua mtoto wa miezi saba, hakulia hata mara moja. Mama alikuwa amekuja kuniuguza. Alivyofundishwa yeye, mtoto ambaye hakulia huzikwa na wanawake kando ya nyumba, bila matanga, na baba haonyeshwi mahali. Mume wangu Okiror, askari wa magereza, alikuwa zamu. Aliporudi mambo yalikuwa yamekwisha, na hakuuliza.

Mama alinikataza kuweka alama. Nikamkaidi. Nilichomeka tawi la mtuba, ule mti ambao magome yake hufanywa nguo, nililokata kwenye ua wa jirani, nisije nikapasahau. Nilidhani litabaki kijiti tu, kumbe limeshika, na leo limekuwa mti unaopita paa.

Mizizi ile imepita kwake kabla ya kufika kwenye bomba. Tangu jana siwezi kuliondoa wazo hilo kichwani.

Na kuna sauti. Tangu mwaka jana naisikia kwenye sinki la jikoni, jioni nikiosha vyombo, kama mtoto mchanga anayechezea mate. Nilimwuliza Wafula kwa kuzungukazunguka, akacheka, akasema ni hewa inakwama kwenye mizizi. Nikashusha pumzi. Niseme ukweli, niliumia pia, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuijibu.

Leo mchana nimeisoma karatasi yake upya, kwa kidole, mstari kwa mstari. Bomba la bafuni linapita chini ya mti. La jikoni linatokea upande wa pili wa nyumba, linakwenda kwenye shimo lake, wala hayakutani popote. Kando yake Wafula ameandika: safi, hakuna kitu.

Mimi naisikia jikoni.

Okiror yuko likizo wiki hii, na alisema kesho asubuhi anaanza kuchimba. Jembe alikuwa ameshaliegemeza kwenye shina la mti. Saa kumi na mbili nikampelekea chai mezani pale jikoni, nimejipanga kumwambia. 

Ndipo sinki likaanza.

Okiror akaweka kikombe chini. Hakugeukia sinki, alinitazama mimi. Nami nilikuwa nimesimama wima, sufuria mkononi, na nadhani uso wangu ulisema yote.

"Kumbe na wewe nasikia?" akaniuliza. "Mimi nasikia siku mingi. Nafikiri ni mimi tu, kichwa imeharibika."

Nikamwambia kila kitu, hata tawi. Akatoka kwenye manyunyu, akaliondoa jembe pale mtini, akalipeleka upande wa pili wa ua. Kesho mtaro wa bomba jipya utazunguka mbali na mti, hata kama utatuchukua wiki nzima.

Aliporudi, amelowa, aliniuliza jambo ambalo mama hakuniuliza, wala mimi sikuwahi kujiuliza.

"Huyu mtoto yetu naitwa nani?"

Hatukuwahi kumpa jina. Nalitafuta sasa, huku nikisikiliza sinki, maana ametungoja miaka mitatu.