Jina Lako Ninalo, Kiti Hawakunipa

Mjomba wangu, ndugu wa mama yangu,

Shikamoo, huko uliko. Ni mimi mpwa wako, yule uliyesema ana mdomo wa kuuza maji mtoni. Nakuandikia kwa hizi herufi nilizookota Bagamoyo kabla mwalimu hajanichoka, na barua yenyewe naiacha wazi. Anayejua kusoma awasomee wenzake kwenye pombe, maana habari hii ni yetu sote.

Unanijua, Mjomba. Mimi nimefika Tabora na mizigo ya watu, nimekula samaki wa Ujiji, nimetukanwa kwa lugha saba na nikajibu kwa zote. Hakuna baraza lililowahi kunishinda. Ndiyo maana wazee waliponivika kanzu yako siku ya kumaliza matanga, wakaniita Kobelo kama wewe, sikutetemeka. Kwetu mtoto wa dada ndiye anayerithi jina, na anayelirithi hasemi "marehemu alifanya". Anasema "nilifanya". Mama yangu alinipigia magoti siku ile, akaniita kaka. Nilitaka kucheka, nikalia.

Nilikukumbuka ukiamua ile kesi ya shamba la bondeni. Wale wawili walikuwa karibu kukatana mapanga, wewe ukawapa majembe, ukawaambia walime pamoja ule mpaka wanaougombea, nawe ukakaa zako unavuta tumbaku. Jua lilipofika kichwani walikuwa wanaombana maji. Nilikuuliza, je, kama wasingepatana? Ukasema, "Wangekuwa wamechoka sana hata kupigana." Nikajiambia, kazi hii naiweza.

Basi tukashuka mjini bomani, mimi na wazee wawili, ili serikali iniandike jumbe mahali pako, na mwanao Saidi akatubebea chakula. Unajua mteremko wa Mgeta unavyofanya magoti yacheke. Njia nzima nawasimulia nitakavyozungumza na Bwana Mkubwa, yule Mzungu wa boma, kama mwanamume kwa mwanamume. Na ile posho ya uzee waliyokuahidi ukistaafu, ambayo hukuionja hata mara moja, nikasema nitaidai ili mkeo apate chumvi na kaniki. Wazee wakaitikia. Jina li hai, kwa nini posho ife?

Bwana Mkubwa alikuwa mezani, karani pembeni, na akida, msimamizi wa majumbe, amesimama nyuma yake kama kivuli kilichoshiba. Karani akauliza mimi ni nani.

"Kobelo," nikasema, "jumbe wa mlimani."

"Kobelo amekufa."

"Ndiyo, bwana. Ndiye mimi."

Karani alicheka kwanza, kisha akatafsiri. Bwana Mkubwa akauliza nimekuwa jumbe tangu lini. Mjomba, ningejibu nini? Nilijibu ulivyonifunza, nikihesabu miaka yako kuwa yangu.

"Tangu kabla wewe hujaja nchi hii."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, maana nilikuwa nimesema sawasawa. Lakini yule bwana aliiva kama pilipili. Akida akamwinamia, akamnong'oneza, na hukumu ikatoka. Kama Kobelo yu hai, basi ni mzee, akapumzike. Kama amekufa, posho imekufa naye. Na kiti cha baba hukaliwa na mwana, kwa hiyo mwana yuko wapi?

Mwana alikuwa nje, amekaa juu ya kapu letu la mihogo.

Wakamwingiza, wakamvisha kofia ya ujumbe. Saidi aliniangalia kama mbuzi anayeangalia mwenye kisu. Njiani kurudi alinishika mkono tulipovuka mto. "Ndugu yangu," akaniambia, "mimi ni wa ukoo wa mama yangu. Nikigawa shamba hapa, nani atanisikia?" Nilimtania kwamba kofia inampendeza.

Sasa mvua zimefika, na mashamba hayajagawiwa. Watu wanakuja kwangu, lakini akida ametangaza kwamba atakayepokea shamba kwa mkono wangu atachapwa. Kwa Saidi hawaendi. Wanampenda, wanampelekea maharage, wanacheza na watoto wake, ila akiagiza jambo wanamwambia kwa upole, "Wewe mtoto wa mjomba, kaa ule." Mkeo anakaa baina yetu, kila siku anapika vyungu viwili ili asionekane ameegemea upande.

Juzi likaja agizo kutoka bomani la kutoa watu wa kuchimba njia ya reli, upande wa Kingolwira. Saidi aliita, hakutokea hata mmoja. Askari wakamlaza chini mbele ya nyumba yako, wakamtandika kiboko, kofia yake ikiwa pembeni imekunjwa vizuri. Hakulia, Mjomba. Aliita tu jina la mama yake. Yule askari akasema watarudi, na safari hiyo watachoma ghala.

Mimi ningefanya nini? Nilivaa kanzu yako. Nilisimama uwanjani nikasema, "Mimi Kobelo nawaita." Nao wakaja wote, vijana na wenye mvi, mara moja, hawakuuliza. Wale niliokuwa niwagawie mashamba. Neno la kwanza nililowaambia kwa jina lako lilikuwa la kuwapeleka kwenye reli ya watu wengine, wakati wa kupanda. Mmoja akaniuliza tu kama aje na jembe lake. Nikamwambia njoo nalo.

Nilijaribu kutia mzaha, kwamba huko tutaona gari la moshi na tutarudi tukijivuna. Walicheka kwa ajili yangu. Nadhani walinihurumia.

Kesho tunashuka, nami nitatangulia, maana sijui kumwita mtu mahali nisipokwenda. Kanzu nimemwachia mkeo. Saidi mgongo haujapona, lakini ameahidi atawasaidia wanawake kupanda, popote watakapoona panafaa, bila kumgawia mtu chochote. Wazee waliniuliza tutarudi lini. Niliwaambia sijui, na hawajawahi kunisikia nikisema hivyo.

Lala salama, Mjomba, utuombee miguu.

Mimi mtoto wa dada yako.